Kadi za punguzo la dizeli kwa mwenye RV (gari au trela la kuishi): zinasaidia au ni maneno tu?

Swali limetoka kwa kaka mmoja anaishi Dallas, Texas, nimelifupisha kidogo: "Mtaalamu habari za kazi. Nimenunua pikapu ya Ford F-250 ya dizeli, used, pamoja na trela la kuishi la futi 30, watoto wakifunga shule tunataka kwenda Grand Canyon mimi na mama watoto na watoto watatu. Mdogo wangu anaendesha semi, yale malori makubwa ya trela, anasema bila kadi ya mafuta ntaumia, yeye anapata punguzo mpaka senti 60 kwa galoni, na ameniambia nichukue kadi yake ya kazini nitumie tu. Je, mtu wa kawaida asiye na lori anaruhusiwa kuwa na hizi kadi? Nichukue ipi, na kweli ntaokoa hela?"

Kaka, hongera kwa gari. Naomba nianze na kile cha mwisho ulichokitaja maana ndio kinanitia wasiwasi kuliko vyote, hiyo kadi ya kazini ya mdogo wako usiishike. Kadi ya kampuni ina namba ya dereva, ina namba ya gari, inarekodi umejaza wapi saa ngapi galoni ngapi, na lori lenyewe lina GPS. Siku kadi inasoma Santa Rosa, New Mexico wakati lori lake liko Memphis, mtu wa ofisini anaiona asubuhi yake kwenye kompyuta. Mimi kazi yangu ni hiyohiyo ya kukaa na ripoti za mafuta za kampuni ya malori, na nakwambia kitu cha kwanza tunachokitafuta ni mafuta yaliyonunuliwa mahali ambapo gari halipo. Mdogo wako atafukuzwa kazi, na ikiandikwa kwenye rekodi yake kwamba ametumia kadi vibaya kampuni inayofuata itamuuliza. Wapo madereva wengi wa kwetu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wanaolisha familia mbili tatu kwa kazi hii, hamna punguzo la senti 60 linalofaa kuhatarishia hiyo. Tena huihitaji, kwa sababu jibu la swali lako la pili ni ndiyo, mtu wa kawaida mwenye RV anaruhusiwa kuwa na kadi yake mwenyewe, kihalali kabisa, bila kuwa na kampuni wala namba ya DOT, ile ya usajili wa malori ya biashara.

Sasa tuje kwenye bei. Sisi tuliokulia nyumbani tuna tabia moja, tukiona sheli tunaingia. Na ni haki yetu, kwa sababu Tanzania EWURA wanatangaza bei kikomo kila mwezi, Kenya EPRA nao hivyohivyo, kwa hiyo ndani ya mji mmoja tofauti ya sheli na sheli ni ndogo sana, hakuna sababu ya kuzunguka. Marekani hakuna anayepanga bei. Sheli mbili zinatazamana barabarani na moja inauza dizeli juu ya mwenzake kwa senti 40 au 50, na bado zote zina wateja! Hasa dizeli, kwa sababu malori makubwa hayalipi ile bei ya kwenye bango. Kampuni yenye malori mia tano ina mkataba wake, inalipa pengine bei ya jumla ukiongeza senti chache. Bango linamngoja mtu kama wewe, anayekuja na kadi yake ya benki, hana mkataba na mtu yeyote. Kwa hiyo ile bei kubwa ya vituo vya malori kandokando ya hawei ndio inafanya punguzo lionekane kubwa.

Shika hili kaka, maana likikuingia mengine yote ni rahisi: usiangalie punguzo ni senti ngapi, angalia bei unayolipa mwisho wa yote kwa galoni moja. Nikupe mfano, hizi namba nimezitunga ili hesabu ionekane. Tuseme kituo cha malori kinauza dola 3.99, kadi yako inakupa punguzo la senti 45, unafurahi. Wenye kadi wanachukua asilimia 10 ya punguzo kama ada yao, yaani senti 4 na nusu, unabaki umelipa kama 3.585. Wakati huohuo maili mbili ndani ya mji kuna sheli ya supamaketi inauza 3.49 kwa mtu yeyote anayepita. Umepata punguzo kubwa na bado umelipa zaidi. Na inatokea kinyume chake pia, punguzo la senti 20 tu lakini kituo chenyewe bei iko chini, unamaliza ukiwa umelipa kidogo kuliko sheli zote za mji ule. Ndio maana mtu akikuringishia "mimi napata senti 60" muulize tu, ulilipa shilingi ngapi mwisho? Mara nyingi hakumbuki.

Kuna jambo lingine ambalo mdogo wako hatakwambia, si kwa ubaya, ni kwa sababu kwake yeye mambo ni tofauti. Malori yanayovuka majimbo yana utaratibu wa kodi unaitwa IFTA. Kila robo mwaka kampuni inapiga hesabu imetembea maili ngapi kila jimbo, na kodi ya mafuta inagawanywa kwa kufuata maili, siyo kwa kufuata ulinunulia wapi. Kwa hiyo dereva wa semi akijaza Texas ambako kodi ya jimbo ni senti 20 kwa galoni, halafu akaenda kuyachoma Pennsylvania ambako mwaka 2024 kodi ilikuwa senti 74.1, ile tofauti atakuja kuilipa tu. Akinunua Pennsylvania akayachoma Texas, atarudishiwa. Ndio maana madereva wenye magari yao wanafundishwa watoe kodi kwanza kwenye bei ya bango halafu walinganishe kilichobaki, na saa ingine wanajaza kwa makusudi kwenye jimbo ambalo bango linaonyesha bei kubwa. Kwao ni sahihi kabisa.

Kwako wewe ni kosa. RV ya matembezi ya familia haiko kwenye IFTA, hujazi fomu, hudaiwi wala hurudishiwi. Kodi ukishailipa kwenye pampu imekwenda. Ile ya serikali kuu ni senti 24.4 kwa kila galoni ya dizeli popote ulipo nchini, lakini ya jimbo inatofautiana sana, na wewe unafaidika kwa kujaza kabla hujavuka mpaka kuingia jimbo lenye kodi kubwa. Kwa hiyo programu za simu zinazoonyesha bei baada ya kuondoa kodi ya IFTA, ambazo mdogo wako anazitumia kila siku, wewe usizifuate, zitakupeleka mahali si penyewe. Tumia zinazoonyesha bei kamili ya pampu.

Haya, kadi yenyewe. Inayotumika sana na watu wa RV ni ya Open Roads, zamani ilikuwa inajulikana kama kadi ya TSD, kampuni ya Texas hukohuko kwenu iliyotoka kwenye biashara ya malori. Kujiunga ni bure, hakuna ada ya mwaka, wanachokula wao ni ile asilimia 10 ya punguzo niliyoitaja, usipopata punguzo hawapati kitu. Vituo vya TA na Petro ndio vimekuwa uti wa mgongo wa punguzo lao, halafu kuna vituo vingine vingi vidogovidogo. Punguzo halina kiwango kimoja, kinabadilika kituo kwa kituo na siku kwa siku, unaweza kukuta senti 10, unaweza kukuta zile senti 60 za mdogo wako. Programu yao ya simu ina ramani, unabonyeza kituo unaona bei yao baada ya punguzo, na hiyo ndio namba ya kulinganisha na sheli za mjini utakazoziona kwenye GasBuddy, programu ya simu ya kulinganisha bei za sheli. Nje ya vituo vyao usiitumie, punguzo hakuna na unaweza kukatwa ada.

Halafu kuna uanachama wa Good Sam, huu unalipiwa kila mwaka, unapata punguzo kwenye vituo vya malori vya Pilot na Flying J. Kwa upande wa dizeli ni senti chache tu, usiulinganishe na ile ya kwanza, ila una vitu vingine vya mtu wa RV kama punguzo kwenye kambi za RV, gesi ya kupikia na kumwaga maji machafu. Kama unakwenda kambini mara nyingi, chukua kwa sababu ya hayo. Kama unautaka kwa sababu ya dizeli peke yake, hautajilipa. Hao Pilot, na wenzao Love's, wana programu zao za uanachama za bure pia, pakua zote, hazigharimu kitu.

Kwenye vituo vingi vya malori utakuta bei mbili, ya keshi na ya kadi ya krediti, na ile ya bango kubwa kule juu mara nyingi ni ya keshi. Ukitumia kadi ya benki ya kawaida unalipa juu yake, mara nyingi kama senti 10. Punguzo la kadi ya mafuta mara nyingi linaanzia kwenye ile ya keshi. Kwa hiyo hata siku punguzo linaonekana dogo, ukilinganisha na ulichokuwa ulipe kwa kadi yako ya Visa, lina maana kubwa kuliko linavyoonekana.

Nikupigie hesabu ya safari yako. Dallas kwenda Grand Canyon ukipita barabara ya 287 kwa Wichita Falls mpaka Amarillo, kisha I-40 moja kwa moja Albuquerque, Gallup, Flagstaff, ni maili kama 1,060 kwenda. Kwenda na kurudi na kuzungukazunguka kule weka 2,300. F-250 ikivuta trela la futi 30, na ule upepo wa Texas ya kaskazini na zile milima za kupandia Flagstaff ambayo iko karibu futi 7,000 juu ya bahari, usitegemee zaidi ya maili 10 kwa galoni. Hiyo ni galoni 230. Ukipata wastani wa senti 36 baada ya ada, umeokoa kama dola 83 safari nzima. Ni hela, ni chakula cha familia siku mbili, lakini siyo ile ya kusema bila kadi utaumia. Na ukilinganisha na mtu anayetafuta sheli za bei nafuu mjini kwa simu tu, tofauti inapungua tena. Kadi hizi zinang'aa kwa mtu mwenye basi lile kubwa la dizeli, tenki galoni 100 mpaka 150, anatembea maili 10,000 kwa mwaka kwa maili 8 kwa galoni. Yule anachoma galoni 1,250, kwa senti zilezile 36 anabakiza dola 450 kila mwaka, na zaidi ya yote hawezi kuingia kwenye sheli za supamaketi hata akitaka.

Na hapo ndipo naona faida yako kubwa, kaka, kuliko hata hizo dola 83. Wewe na hilo trela mna urefu wa futi zaidi ya 50. Sheli ya kawaida ya mjini ukiingia kichwa kichwa unaweza usitoke bila kurudi nyuma huku watu wanakupigia honi na mama watoto amesimama nje anakuelekeza. Upande wa malori ni njia pana, unaingia mbele unatokea mbele, paa liko juu. Shida ni kwamba pampu nyingi za upande huo hazipokei kadi ya benki vizuri, au zinakukatia mafuta ikifika dola 100 au 150 unalazimika kuanza upya, au zinakwambia ingia ndani uache kadi kwa keshia. Kadi ya mafuta imetengenezwa kwa ajili ya pampu zile, inajaza tenki lote mara moja. Kwa mtu mwenye trela refu hilo peke yake linatosha kuwa na kadi.

Nikueleze inavyokwenda kwenye pampu maana mara ya kwanza inachanganya na nyuma yako kuna dereva ana haraka. Unasogea mpaka mlango wa tenki ulingane na pampu. Kwenye F-250 tenki liko upande wa dereva, umebahatika, kwa sababu pampu kuu ya kila njia ndio iko upande wa dereva, ule upande wa pili ni pampu ndogo inayofuata hii, ya kujazia tenki la pili la lori, na haifanyi kazi mpaka hii kuu iwashwe. Unapitisha kadi. Inakuuliza namba yako ya siri, halafu mileji, halafu inaweza kukuuliza namba ya gari, namba ya trela, namba ya safari. Usishtuke, yale ni maswali ya makampuni. Mileji weka ile ya kweli inakusaidia kupiga hesabu zako baadaye, hizo zingine weka namba yoyote utakayoikumbuka, ukikosa kabisa weka sifuri. Kisha inakuuliza aina ya mafuta, hapa tulia: itaandika "Tractor" na "Reefer" na pengine DEF, ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli. Chagua "Tractor", ndio kichwa, hata kama wewe una pikapu. "Reefer" ni mafuta ya mashine ya jokofu la trela za kubebea nyama na matunda, kodi yake inahesabiwa tofauti, siyo ya kutembelea barabarani. Ukiona pampu ya dizeli iliyotiwa rangi nyekundu, hiyo usiguse kabisa, ni ya mashamba na majenereta, na faini ya serikali kuu ukikutwa nayo kwenye tenki la gari la barabarani inaanzia dola 1,000.

Mdomo wa pampu ya malori ni mnene na mafuta yanatoka kwa kasi kubwa mno, pampu ya gari dogo haifiki hata nusu yake. Kwenye baadhi ya pikapu mdomo ule hauingii, kwenye RV ndogo za Sprinter mara nyingi hauingii kabisa. Ukiingia, usibane mpaka mwisho, shika nusu, la sivyo dizeli inatoa povu, pampu inajikata kata na mwisho inakurukia kwenye viatu, na ile harufu utakaa nayo ndani ya gari mpaka Amarillo na watoto watalalamika. Beba glovu. Usihukumu mafuta kwa rangi ya mshikio pia, sehemu nyingi kijani ni dizeli lakini kwenye sheli za BP kijani ni petroli, soma maandishi.

DEF, ile tuliyoizoea kwa jina la AdBlue, gari lako linaitumia kama ni la 2011 kuja juu. Kwenye njia ya malori ipo kwenye pampu na bei yake kwa galoni ni nafuu kuliko madumu ya dukani. Tenki lake lina kifuniko cha buluu. Isije ikaingia hata tone kwenye tenki la dizeli, ikiingia usiwashe gari, piga simu livutwe, kwa sababu ule mfumo wa mafuta ukiharibika ni maelfu ya dola.

Ukimaliza kujaza usikae pale kwenda chooni na kununua chipsi. Sogeza gari mbele mpaka ule mstari ulioandikwa chini, uwaachie nafasi walio nyuma, halafu ndio uingie dukani. Wale madereva wanahesabiwa saa zao za kazi kwa mashine, dakika 20 unazomkalia mtu pale unamla saa yake ya kulipwa. Mdogo wako atakuthibitishia. Jioni kuanzia saa kumi na mbili hivi vituo vinajaa sana, jaza asubuhi au mchana kama unaweza.

Kwenye njia yako kuna kitu cha Arizona nataka ukijue. Arizona kodi ya jimbo kwa dizeli ni senti 18 kwa magari mepesi na senti 26 kwa malori mazito, kwa hiyo pampu za upande wa malori zinakuwa na hizo senti 8 zaidi tayari ndani ya bei. Wewe ukijaza upande wa malori unazilipa ingawa gari lako siyo zito kiasi hicho. Kwa hiyo ukiona kadi inakupa senti 20 Arizona, zitoe hizo 8 kichwani kwanza kabla hujafurahi, halafu tazama upande wa magari madogo wa kituo hichohicho wanauza ngapi. Kadi upande ule mara nyingi haisomi kwenye pampu, ila unaweza kuuliza kwa keshia ndani kama anaweza kuipitisha. Mimi ningekuwa wewe ningejaza tenki New Mexico, Gallup au kabla yake, nikiwa na mafuta ya kutosha kufika Flagstaff na kupanda Grand Canyon, halafu nikijaza tena ni ya kurudi. Karibu na geti la mbuga bei inakuwa ya juu, kama kwenye mbuga zote.

Upande wa hela: kadi ya Open Roads inakata moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, haina mkopo. Kama hela hamna, kadi inafungwa, na kuifungulia ukiwa katikati ya jangwa la New Mexico siku ya Jumapili ni mateso. Watu wengine wanafungua akaunti ndogo ya pembeni kwa ajili ya mafuta peke yake, wanaweka dola mia sita mia saba, hata namba ikiibiwa mwizi hafiki kwenye hela ya kodi ya nyumba. Hilo nalipenda sana. Na kila siku ya safari fungua programu uangalie umekatwa nini na lini, risiti piga picha, kwa sababu risiti ya kwenye pampu saa ingine inaonyesha bei ya bango na punguzo linaonekana baadaye kwenye akaunti. Usipokuwa na picha huna cha kubishania.

Utapigiwa simu pia na watu wa kadi za mafuta za biashara, hasa kama umesajili kampuni ndogo (LLC). Hizo ni nyingine kabisa, ni mkopo, zina ada za kila mwezi, ada za kuchelewa, na wanakuwekesha sahihi kwamba biashara ikishindwa utalipa wewe. Tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, iliipeleka FleetCor, kampuni ya kadi hizo, mahakamani mwaka 2019 kwa mambo hayohayo, kuahidi punguzo kwa galoni na kuwakata wateja ada wasizozielewa, na mwaka 2022 mahakama ya Georgia ikaipa FTC ushindi. Kampuni kubwa kabisa hiyo, siyo ya uchochoroni. Kwa safari ya familia huna sababu ya kuingia huko. Na yeyote anayekutumia meseji WhatsApp kwamba ana kadi yenye punguzo la dola moja kwa galoni ila utume kwanza dola 50 za usajili, mfungie.

Kwa hiyo kama unauliza ningefanya nini mimi: ningeomba ya Open Roads leo, ningepakua programu za bure za Pilot, Love's na GasBuddy, na kila ninapokaribia robo tatu ya tenki imeisha ningempa mama watoto simu alinganishe bei tatu za mbele, ya kadi baada ya punguzo, ya bango la keshi, na ya sheli ya mjini ambayo trela linaweza kuingia. Usisubiri taa iwake, ukiwa na tenki karibu tupu unanunua kwa yeyote aliye karibu, na kwenye I-40 magharibi ya Albuquerque vituo vinaachana.

Kadi inakuja kwa posta na akaunti ya benki nayo lazima ithibitishwe, kwa hiyo usiombe wiki ya safari, jipe mwezi mmoja. Ikifika nenda TA au Petro mojawapo ya hapo Dallas siku ya wiki asubuhi, bila trela, bila watoto, ujaze galoni kumi tu uone namba ya siri inakubali, uone mdomo wa pampu unaingia kwenye hiyo F-250 yako, na kesho yake uangalie benki wamekata ngapi. Kama mdomo hauingii niandikie tena unitajie mwaka wa gari, kuna adapta za kuuzwa lakini si zote za kununua.